Kwa Gari-nyumba Kupitia Hifadhi za Milima ya Magharibi ya Marekani: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Moshi tunaoishi Marekani kwa miaka kadhaa sasa. Mwezi Septemba tulitumia wiki tatu kusafiri kwa gari-nyumba kutoka Denver, katika jimbo la Colorado, hadi Glacier, katika jimbo la Montana, tukipitia hifadhi nne za taifa ambazo ni Rocky Mountain, Grand Teton, Yellowstone na Glacier. Tangu turudi, ndugu na marafiki wa nyumbani na wa huku ughaibuni wametuuliza maswali yaleyale, na baadhi yao wanajiandaa kwenda wawili wawili kama sisi. Tumeyajibu hapa yale ambayo majibu yake tungependa tungeyapata kabla hatujatia saini mkataba wa kukodi gari.

Gari-nyumba ni gari la namna gani?

Ni gari ambalo Wamarekani huliita RV, lenye kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na bafu ndani yake. Yapo ya aina tatu za kujiendesha. Aina kubwa kabisa inafanana na basi la abiria, aina ya kati imejengwa juu ya kichwa cha lori dogo na huwa na kitanda juu ya dereva, na aina ndogo kabisa ni gari la mizigo lililogeuzwa kuwa chumba. Lipo pia tela la kukokotwa, lakini kwa watu wasio na gari kubwa la kulivuta halina maana kulifikiria.

Je, tuchague gari la ukubwa gani?

Hili ndilo swali linaloamua mengine yote, na kwa bahati mbaya watu wengi hulijibu kwa kuangalia upana wa kitanda badala ya kuangalia ramani. Barabara maarufu za hifadhi hizi zilichongwa kwenye miamba zamani, kwa ajili ya magari madogo ya wakati huo, na hazijapanuliwa tangu hapo kwa sababu kuzipanua kungekuwa ni kuuharibu mlima wenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, ambayo ilikamilika mwaka 1932 na ina urefu wa takriban kilomita 80. Kati ya kambi ya Avalanche na eneo la Rising Sun, gari lolote lenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4 pamoja na bampa, au upana unaozidi futi 8, yaani mita 2.4 pamoja na vioo vya pembeni, haliruhusiwi kupita. Tena gari linalozidi kimo cha futi 10 linaweza kugusa miamba iliyojitokeza juu ya barabara linaposhuka upande wa magharibi kutoka kilele cha Logan Pass. Gari letu lilikuwa la aina ya kati, lenye futi 25. Tulisafiri takriban kilomita 2,000 kuifikia barabara hiyo, kisha tukaliacha gari chini na kupanda katika moja ya mabasi mekundu ya watalii yaliyoundwa miaka ya 1930. Safari ilikuwa nzuri kupita kiasi, lakini hatukuweza kusimama tulipotaka wala kukaa kileleni hadi jua lizame.

Hata Grand Teton ina barabara ya Moose-Wilson iliyokatazwa kwa magari-nyumba na matela, na Rocky Mountain ina barabara ya zamani ya Fall River, ya changarawe na ya kupanda tu, ambayo hairuhusu matela wala gari linalozidi futi 25. Kwa hiyo andikeni urefu, upana na kimo cha gari kwenye karatasi, kwa futi na kwa mita, na mbandike karatasi hiyo mbele ya dereva.

Mlipita njia gani?

Tulitoka Denver hadi mji wa Estes Park, tukavuka hifadhi ya Rocky Mountain kwa barabara ya Trail Ridge hadi Grand Lake, tukaelekea kaskazini kupitia Walden hadi Laramie katika jimbo la Wyoming. Kutoka hapo tulifuata barabara kuu namba 80 hadi Rawlins, kisha Lander na Dubois, tukavuka Togwotee Pass yenye mwinuko wa mita 2,944 na kushukia Grand Teton. Yellowstone inapakana nayo kwa upande wa kaskazini, zikiunganishwa na kipande cha barabara kilichopewa jina la John D. Rockefeller Jr., tajiri aliyenunua sehemu kubwa ya bonde la Jackson Hole na kuitoa kwa taifa. Tulitoka Yellowstone kwa lango la Gardiner, tukapitia Bozeman, na siku iliyofuata tukafika Glacier.

Jambo moja ambalo ramani haionyeshi ni upepo. Kati ya Laramie na Rawlins upepo hupiga ubavuni kwa nguvu, na gari-nyumba lina ubavu mpana kama ukuta. Siku tuliyopita hapo mume wangu aliendesha kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mikono miwili kwenye usukani, na malori yalipotupita tulihisi gari likisukumwa kisha likivutwa. Mkiona tahadhari ya upepo kwenye mbao za barabarani, simameni mjini mlale.

Ni miezi gani inayofaa?

Ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Trail Ridge kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa kwa theluji mwezi Oktoba, na Going-to-the-Sun mara nyingi haifunguliwi yote hadi mwisho wa Juni au hata katikati ya Julai. Barabara nyingi za Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi Aprili. Julai na Agosti watu ni wengi mno, na Agosti moshi wa mioto ya misitu unaweza kuificha milima siku nzima.

Sisi tunaipenda Septemba, baada ya sikukuu ya wafanyakazi inayoangukia Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, shule zikiwa zimefunguliwa na majani ya miti yakianza kugeuka manjano. Gharama yake ni baridi ya usiku, pamoja na kwamba baadhi ya kambi na mabasi ya hifadhi huwa vimeanza kufungwa kwa msimu.

Viingilio ni kiasi gani?

Kila moja kati ya hifadhi hizi hutoza dola 35 kwa gari kwa siku saba, kwa hiyo kwa hifadhi nne ni nafuu zaidi kununua kadi ya mwaka inayofungua hifadhi zote za serikali kuu, ambayo kwa wakazi wa Marekani ni dola 80. Ndugu wanaotoka Afrika Mashariki wazingatie kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kadi hiyo kwa wasio wakazi ni dola 250, na asiyekuwa nayo hutozwa nyongeza ya dola 100 kwa kila mtu katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, na hizi nne zote zimo katika orodha hiyo. Rocky Mountain pia imekuwa ikihitaji kibali cha saa ya kuingia katika miezi ya wageni wengi, na kanuni za Glacier zimekuwa zikibadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo someni tovuti ya hifadhi yenyewe kabla ya kuondoka.

Je, tunaweza kulala popote tunapotaka?

Hapana. Ndani ya hifadhi mnalala katika kambi zilizotengwa tu, na si kando ya barabara wala katika maegesho. Kambi nyingi huweka nafasi wazi miezi sita kabla, na zile nzuri hujaa haraka, kwa hiyo mwenye nia ya kwenda Septemba akae mbele ya kompyuta mwezi Machi.

Kambi nyingi hazina umeme wala bomba la maji la kuunganisha na gari. Yellowstone, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000, ina kambi moja tu yenye umeme, maji na bomba la majitaka, nayo ni Fishing Bridge, ambako mahema na matela ya turubai hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu. Grand Teton inayo Colter Bay. Tulipanga usiku mmoja wa kambi kamili baada ya kila siku tatu, na utaratibu huo ulitufaa sana.

Leseni ya kawaida inatosha? Na kuendesha upande wa kulia?

Kwa magari mengi ya kukodi leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha, na wageni wachukue pia kibali cha kimataifa cha udereva. Kuhusu upande wa kulia, aliyezoea Dar es Salaam au Nairobi asiuchukue usukani wa gari-nyumba siku ileile anayoshuka kwenye ndege. Apumzike, kisha aanze katika maegesho makubwa yaliyo tupu, ajifunze jinsi mkia wa gari unavyotoka nje anapokata kona, na aone ni wapi kioo cha kulia kinaishia. Katika hifadhi, gari linalokwenda polepole linatakiwa kuingia kwenye vituo vya pembeni na kuwapisha walio nyuma, na kikomo cha mwendo katika barabara nyingi za Yellowstone ni maili 45, yaani kilomita 72 kwa saa.

Miteremko ni ya hatari?

Ni ya hatari kwa mtu anayetegemea breki peke yake. Trail Ridge inafika mita 3,713 juu ya usawa wa bahari, na takriban kilomita 18 za barabara hiyo ziko juu ya mpaka ambao miti haioti tena, pasipo kingo sehemu nyingi. Kupanda hakukutusumbua. Tulipokuwa tunashuka upande wa magharibi, mume wangu aliweka mguu kwenye breki na kuuacha pale, kwa sababu gia otomatiki ilikuwa imebaki kwenye nafasi ya kawaida na gari lilikuwa likikimbia lenyewe. Kabla ya Farview Curve tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Tulisimama karibu saa nzima tukisubiri magurudumu yapoe, na tukasoma kitabu cha gari ambacho tulipaswa kukisoma Denver.

Namna sahihi ni kushusha gia kabla mteremko haujaanza, ili injini ilizuie gari, kisha kukanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachia, mkirudia hivyo hadi chini. Kanuni ambayo madereva wa malori wa Sekenke na Kitonga wameijua miaka yote ni ileile, kwamba mlima hushukwa kwa gia. Njia ya Teton Pass, kati ya Jackson na mpaka wa Idaho, ina mteremko wa asilimia 10, na kwa gari la kukodi tunashauri mzunguke.

Je, urefu wa milima hiyo unaathiri mwili?

Unaathiri, na sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro tulilidharau jambo hili bila sababu. Kileleni mwa Trail Ridge mpo karibu sawa na kibanda cha Horombo, ambako mpandaji hufika siku ya pili kwa miguu, mwili ukiwa umepata nafasi ya kuzoea. Kwa gari mnatoka Denver, kwenye mita 1,600 hivi, na kufika huko baada ya saa chache. Mimi niliumwa kichwa na kushindwa kula hadi tuliposhuka. Laleni usiku mmoja au miwili Estes Park kwanza, mnywe maji mengi, na mtu akizidiwa mshuke mara moja.

Hata jiko huathirika. Kando ya ziwa Yellowstone, kwenye mita 2,357, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, na kwa hiyo kitu kinachoiva kwa kuchemshwa huchelewa sana. Maharage makavu tuliyoloweka usiku kucha yalikaa motoni saa tatu yakabaki magumu, huku gesi ikiisha. Chukueni jiko la presha, au maharage ya kopo. Wali uongezewe maji na kufunikwa vizuri. Mtori uliiva kwa kuchelewa lakini uliiva, na jioni ya baridi ulikuwa na thamani yake. Unga wa ugali tulinunua katika maduka ya Waafrika ya Aurora, karibu na Denver, kwa sababu kaskazini ya hapo hatukuuona tena.

Umeme na joto la usiku hupatikanaje?

Umeme wa Marekani ni volti 120, kwa hiyo chaja za simu zitafanya kazi lakini birika au pasi ya nyumbani haitafaa. Pasipo kuunganishwa na kambi, taa na pampu ya maji hutumia betri ya nyumba, ambayo ni tofauti na betri ya injini, na jiko na jokofu hutumia gesi ya propani.

Hita nayo hutumia gesi, na kwa sababu hiyo tulidhani inaweza kuwaka usiku mzima bila tatizo. Kumbe feni inayosukuma hewa ya moto inatumia betri. Usiku wetu wa pili Yellowstone betri iliisha saa kumi alfajiri, nje kukiwa na barafu juu ya majani, na jenereta hairuhusiwi kuwashwa kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa mbili usiku. Tulikaa tumejifunika makoti hadi muda ulipofika. Kampuni iliyotukodisha haikutueleza hili hata kidogo, ndiyo maana ninalieleza kwa urefu. Washeni jenereta jioni kwa muda wa saa moja au mbili, kabla ya saa ya mwisho, wekeni hita kwenye joto la chini, na mlale na blanketi nzito.

Nani anamwaga majitaka?

Mume na mke wote wajifunze. Kuna matangi mawili, moja la choo na jingine la maji ya jikoni na bafu. Kwenye kituo cha kumwagia mnavaa glavu, mnaunganisha bomba, mnaanza na tangi la choo, kisha mnafungua la pili ili maji yake yasafishe bomba. Kumwaga maji yoyote ardhini, hata ya kuoshea vyombo, ni kosa.

Wanyama wakoje ukilinganisha na Serengeti?

Tofauti kubwa ni kwamba Serengeti mgeni haruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa mahali maalumu, na sheria hiyo humlinda hata asiyefikiri. Yellowstone mnaruhusiwa kushuka, na hapo ndipo watu husahau kwamba wanyama ni wa porini. Nyati wa Marekani hukaa kando ya barabara akitafuna majani kwa utulivu kama ng'ombe wa zizini, lakini anakimbia takriban mara tatu ya mwendo wa binadamu, naye ndiye aliyejeruhi wageni wengi kuliko mnyama mwingine yeyote wa hifadhi hiyo. Kanuni ni mita 23 kutoka kwa nyati na kulungu wakubwa waitwao elki, na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Septemba ni msimu wa elki kupandana, na madume yake hutoa mlio mwembamba mrefu unaosikika kutoka upande wa pili wa bonde. Tulisikia mlio huo kila alfajiri Moraine Park, ndani ya Rocky Mountain, na hakuna kitu katika safari nzima ninachokikumbuka zaidi.

Kwa wanaotaka kuona wengi, mabonde ya Hayden na Lamar ya Yellowstone yafikiwe mapema, kabla jua halijapanda. Chakula, vyombo, hata dawa ya meno visiachwe mezani nje. Kwa kutembea kwa miguu Grand Teton, Yellowstone na Glacier, beba dawa ya pilipili ya kumnyunyizia dubu, na uinunue mkiwa huko huko kwa sababu hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mizigo.

Na chemchemi za moto?

Msitoke kwenye njia za mbao. Ardhi ya pembeni inaweza kuonekana imara kumbe ni ganda jembamba juu ya maji yanayochemka. Yellowstone, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1872, ina karibu nusu ya chemchemi zote duniani zinazorusha maji juu, na maegesho ya Old Faithful, iliyo maarufu kati ya chemchemi hizo, yanatosha hata kwa gari refu mkifika kabla ya saa tatu asubuhi.

Je, watu walikuwa wakiishi huko?

Ndiyo. Upande wa mashariki wa Glacier ulikuwa ardhi ya taifa la Blackfeet hadi mkataba wa mwaka 1895, na eneo lao la sasa linapakana na hifadhi. Mtu anayejua jinsi Wamaasai walivyohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 hahitaji kuelezwa sana. Mkipita mji wao wa Browning, nunueni mafuta na chakula kwao, na muombe ruhusa kabla ya kuingia katika ardhi yao kuvua au kutembea.

Tunaweza kuvuka hadi hifadhi jirani ya Waterton, upande wa Kanada?

Mnaweza ikiwa viza zenu za nchi zote mbili zinaruhusu kutoka na kuingia tena, na ikiwa mkataba wa gari unataja Kanada.

Wiki tatu ndani ya mita saba na nusu, wawili tu. Hamkugombana?

Tuligombana mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa wakati wa kurudisha gari nyuma. Baada ya hapo tulikubaliana ishara nne za mkono, yaani njoo, simama, kushoto na kulia, na kwamba dereva asipomwona mwenzake kwenye kioo anasimama papo hapo. Pia tuligawana kazi kulingana na mtu anachokiweza siku hiyo. Mimi niliendesha asubuhi na yeye alasiri, na kila siku ya nne hatukusogeza gari kabisa. Siku hizo za kukaa ndizo tulizozungumza mambo ambayo nyumbani, kati ya zamu za kazi, yalikuwa yamekosa nafasi kwa miaka.

Mkirudi tena, mtabadilisha nini?

Tutachukua gari la aina ndogo, lenye futi 19 au 20, baada ya kupima vioo na kimo chake, ili tuvuke Logan Pass wenyewe. Tutaiacha Rocky Mountain kwa safari nyingine na kuzigawa siku zake kati ya Yellowstone na Glacier. Na blanketi nzito tutachukua mbili.